Bastola Italala Wapi

Kabla mjomba hajanipigia simu, neno "kaliba" nililisikia kwenye mpira tu. Mchambuzi wa redio akisema timu fulani inahitaji straika wa kaliba ya Mbwana Samatta, kila msikilizaji anaelewa kwamba anazungumzia uzito wa mchezaji, si upana wa kifua chake. Wengi wanaochunguza asili ya maneno wanalirudisha neno hili kwenye Kiarabu, kwenye jina la chombo ambacho mhunzi anamiminia chuma kilichoyeyuka ili kipate umbo. Kiswahili kilikichukua chombo hicho mapema, kikakiita kalibu. Wazungu nao walilichukua neno kwa njia yao, wakalipeleka kwenye mizinga na bunduki, likawa kipimo cha upana wa tundu la mtutu.

Mjomba alikuwa anauliza habari za tundu la mtutu.

Anaishi Matiri, Wilaya ya Mbinga, kwenye barabara ya vumbi ambayo masika inageuka kuwa utelezi. Ana duka la sukari, sabuni, mafuta ya kula na madaftari, na pembeni ya duka ana kidirisha cha wakala wa pesa za simu. Msimu wa kahawa ukifika, malipo ya wakulima yanaingia benki au kwenye simu, na wakulima wanakuja kwenye kidirisha chake wakitaka noti. Noti hazioti dukani. Kwa hiyo anapanda pikipiki hadi Mbinga mjini, anachukua pesa benki, anarudi nazo zikiwa kwenye mkoba chini ya koti. Kuna siku ni milioni mbili, kuna siku ni tano.

Mwaka jana wakala mwenzake wa kijiji kingine alisimamishwa njiani jioni na vijana wawili. Walimkata panga mkononi, wakachukua mkoba. Mkono ulipona, ila vidole viwili havikunji tena. Baada ya hapo mjomba akaamua kuomba kibali cha bastola.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mama. Sasa sikiliza. Wewe umeshika bunduki, sisi tumeshika jembe. Niambie nichukue ya ngapi."

Bunduki niliyoshika mimi ilikuwa ya JKT. Nilimaliza kidato cha sita, nikapangiwa kambi ya Mlale, huko huko Ruvuma, nikafundishwa kuifungua SMG, kuisafisha, kuifunga, na siku moja tukapelekwa kwenye uwanja wa shabaha tukapiga risasi ambazo nadhani hazikufika ishirini kwa kila mtu. Kwa mjomba hiyo inatosha kuwa shahada. Muuza silaha wa Dar es Salaam alikuwa amemtajia aina tatu kwenye simu: ya 7.65, ya 9, na rivolva ya .38. Mtu mwingine kule kijiweni akamwambia achukue .22 kwa kuwa risasi zake ni za bei ndogo na watu wanaitumia kwenye mashindano. Mwingine akamwambia mwanaume anabeba .45. Mjomba alitaka mimi, niliyeko Dar, nimpe namba moja.

Nikaanza kusoma. Jambo la kwanza ninalotaka msomaji alijue ni kwamba namba hizi hazina adabu. Bastola ya 9 mm, ya .380, rivolva ya .38 na ile ya .357 zote zinatoa risasi yenye upana wa takriban milimita tisa. Hata hiyo .38, ambayo jina lake lingemaanisha sehemu 38 za mia za inchi, kwa kweli ni sehemu 36 hivi. Kinachozitofautisha ni ganda nyuma ya risasi: urefu wake na baruti iliyomo. Ganda la .380 lina milimita 17, la 9 mm ya kawaida lina 19, la .38 Special lina 29, ingawa urefu huo wa mwisho ni urithi wa siku ambazo baruti ilijaza nafasi kubwa. Ukitazama upana peke yake utadhani ni kitu kimoja. Ni sawa na kutazama debe la mahindi na debe la pumba ukasema yote ni madebe.

Kwa hiyo nikahesabu uzito na mwendo, kama tulivyofundishwa kwenye fizikia: nusu ya uzito mara mwendo kipeo cha pili. Risasi ya .22 ina gramu 2.6, na ikitoka kwenye bastola inabeba jouli mia moja na kidogo. Ya 7.65 ina gramu 4.6 na jouli 170 hivi. Ya .38 ina gramu 10, inakwenda polepole, inafika jouli 270. Ya 9 mm ina gramu 8, inakwenda kama mita 350 kwa sekunde, inafika jouli 490. Na ile .45 ya wanaume wa kijiweni, yenye gramu 15, inakwenda taratibu kiasi kwamba nayo inaishia kwenye jouli 490 hivi hivi. Kinachoongezeka sana ni teke mkononi na uzito wa kiunoni.

Nilimtumia mjomba hesabu hiyo kwa WhatsApp. Akajibu: "Kwa hiyo ile ndogo haiui?"

Hapo nilimpigia, kwa sababu jibu la swali hilo halikai kwenye jedwali. Nikamkumbusha Liuli, kule ziwani, ambako amekwenda mara nyingi kununua dagaa. Wajerumani walipaita Sphinxhafen kwa sababu ya mwamba wenye umbo la simba aliyelala. Juni 28, 1914, kijana wa Kiserbia wa Bosnia, Gavrilo Princip, alimpiga Franz Ferdinand, mrithi wa ufalme wa Austria, pale Sarajevo. Bastola yake ilikuwa ndogo, ya kuweka mfukoni, ya risasi ya .380, aina ambayo mabingwa wa leo wanaibeza kwamba ni ya kina mama. Alipiga mara mbili, wakafa wawili, mfalme mtarajiwa na mke wake. Siku 46 baadaye, Agosti 13, meli ya Waingereza iliyoitwa Guendolen ilitokea Nyasaland ikaingia Sphinxhafen na kuipiga kwa mzinga meli ya Kijerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha wa Kijerumani, Berndt, hakuwa na habari kwamba kuna vita. Alikuwa rafiki wa kunywa pamoja na nahodha Mwingereza, Rhoades. Alipanda mtumbwi akaenda kumuuliza kama amelewa. Akawa mateka.

Mjomba alicheka sana kwa habari ya Berndt. Kisha akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo risasi ndogo ilifika mpaka Liuli," akasema.

Na zile kubwa zilitufikia kabla. Risasi ya 9 mm ambayo leo inabebwa na polisi wengi duniani ilibuniwa Ujerumani mwaka 1902 na Georg Luger. Mwaka huo Wajerumani walikuwa tayari wana boma Songea. Miaka mitatu baadaye vilizuka vita vya Maji Maji, na askari wa Kijerumani walikuwa na bunduki za Mauser za mwaka 1871, zenye risasi nene ya milimita 11 na baruti ya moshi. Watu waliambiwa risasi hizo zitageuka maji. Februari 27, 1906, mashujaa wa Kingoni walinyongwa Songea, na kila mwaka tarehe hiyo mkoa unakusanyika kwenye makumbusho yao. Sisi tuliosoma shule za Ruvuma tumepelekwa pale tukiwa na sare, tukaonyeshwa kaburi la pamoja. Sijui kama kuna mahali pengine nchini ambapo mtoto anafundishwa mapema hivyo kwamba risasi haijali unaamini nini.

Lakini mjomba hakutaka historia, alitaka namba, na swali lake lilikuwa na mantiki. Kwa hiyo nilisoma pia jinsi wanaofanya kazi hiyo walivyochagua. Kisa kinachotajwa sana ni cha Miami, Marekani, Aprili 11, 1986. Makachero wanane wa FBI walipambana na majambazi wawili wa benki. Makachero wawili waliuawa, watano wakajeruhiwa. Risasi moja ya 9 mm ilimpata jambazi mmoja mapema kabisa, ikapita mkononi, ikaingia kifuani, ikasimama kabla ya kufika moyoni, na mtu yule akaendelea kuua. FBI wakailaumu risasi. Wakahamia risasi ya milimita 10, ikawa na teke zito mno kwa askari wengi, ikapunguzwa ikazaliwa .40 mwaka 1990, na polisi wa Marekani wakaifuata kwa maelfu. Robo karne baada ya hapo FBI wakarudi kwenye 9 mm. Sababu walizotoa ni nyepesi kuelewa: risasi zenyewe zimeboreshwa, magazini inabeba nyingi zaidi, na askari wa kawaida akishika bastola yenye teke dogo anapiga anapolenga. Miaka yote ile ya kubadilisha matundu ilimalizikia kwenye suala la mkono.

Mkono unatokana na mazoezi, na hapo ndipo .22 inapostahili heshima yake. Kwenye Olimpiki, mashindano ya bastola ya mita 25 yanapigwa kwa .22. Katika raundi ya usahihi, duara la alama kumi lina upana wa milimita 50, kama mdomo wa kikombe kidogo cha kahawa. Hakuna anayemwambia bingwa wa Olimpiki kwamba bastola yake ni ya kitoto. Teke lake ni dogo, kwa hiyo mpigaji anajisikia mwenyewe: anajua kama kidole kilivuta au kilikwapua, kama pumzi ilitulia. Anayeanza na risasi nzito anajifunza kwanza kuogopa mlio, anafumba macho kabla haujatoka, na tabia hiyo huchukua muda kuiondoa. Nilikiona hicho Mlale kwa wenzangu, wasichana kwa wavulana.

Basi nchi ya kinadharia inampa mjomba jibu safi. Anunue .22 ya mazoezi, apige mamia ya risasi kila mwezi, kisha abebe 9 mm. Matiri si nchi ya kinadharia. Uwanja wa shabaha wa raia haupo pale. Risasi hazinunuliwi kama misumari. Zinanunuliwa kwa kibali, kwa hesabu, na anayekuuzia anaandika. Mtu hawezi kwenda nyuma ya shamba la mahindi akaanza kupiga makopo. Kijiji kizima kitakimbia, na polisi watakuja kumuuliza. Kwa hiyo mjomba, kwa uhalisia, angebeba kiunoni kitu ambacho amekipiga mara chache kuliko mimi nilivyopiga SMG, na angetarajia kukitumia jioni, juu ya pikipiki, mbele ya mtu mwenye panga aliye hatua nne kutoka kwake, huku moyo ukimdunda. Kwa mtu wa namna hiyo tofauti kati ya jouli 270 na 490 ni ndogo sana.

Kuna na ukuta. Nyumba nyingi za pale ni za matofali ya kuchoma, lakini milango na madirisha ni mbao. Risasi ya 9 mm yenye koti gumu la shaba inapita kwenye ubao ikiwa bado na nguvu nyingi. Mbele ya kidirisha cha mjomba jioni wanasimama watoto waliotumwa mafuta ya kula ya mia tano, wameshika vichupa. Nilimwomba afumbe macho, afikirie jambazi yuko mlangoni, na aniambie nyuma ya jambazi kuna nani. Akataja majina manne, mawili ya wajukuu wake.

Wakati wote huo mke wa mjomba alikuwa anasikiliza, kwa sababu simu za mjomba zote ni za spika. Sauti yake ikaingia.

"Mwanangu, mimi siulizi ya ngapi. Nauliza usiku italala wapi."

Hakuna aliyejibu. Ile nyumba ina vyumba vitatu na mlango mmoja wenye kufuli inayofanya kazi. Wajukuu watano wanalala mle wakati wa likizo. Chini ya mto? Kwenye sanduku la kanga? Juu ya dari, ambako mjukuu wa miaka tisa ndiye anayetumwa kupanda kushusha magunia? Mke wa mjomba alizipitia sehemu zote kwa sauti, moja moja, kama anayehesabu vyombo baada ya msiba, na kila moja aliikataa mwenyewe. Kisha akasema bunduki ya babu angalau ilikuwa ndefu, huwezi kuificha, kila mtoto aliiona na kila mtoto aliiogopa.

Babu alikuwa na gobore. Gobore haina kaliba. Unapima baruti kwa kifuniko, unashindilia, unatia vipande vya chuma vilivyopatikana siku hiyo, na unaomba Mungu mtutu usipasuke. Alilitumia kwa nguruwe pori na nyani wa mahindi. Alipofariki lilikaa ukutani bila mwenyewe, mpaka mwaka 2022 serikali ilipotoa nafasi ya kusalimisha kwa hiari silaha zisizo na vibali bila kushtakiwa. Mjomba mwenyewe ndiye aliyelibeba, limefungwa kwenye gunia, akalikabidhi polisi. Nadhani siku ile ndiyo iliyomfanya atake yake iwe ya halali kabisa, na hilo ninamheshimu nalo. Zipo njia za mkato, na mtu mwenye duka anazijua.

Njia ya halali ni ndefu. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, huombi bastola kama unavyoomba laini ya simu. Barua ilianzia serikali ya kijiji, na kijiji kilikaa kikao kumjadili. Mjomba alinisimulia kikao hicho kwa kirefu kuliko alivyowahi kunisimulia harusi yake. Mzee mmoja aliuliza kama bado anakunywa ulanzi. Mama mmoja aliuliza kuhusu ugomvi wa mpaka wa shamba na jirani, uliokwisha miaka sita iliyopita, kama umekwisha kweli. Kijana mmoja anayemdai aliuliza, watu wakacheka, je, mwenye deni akiwa na bastola anadaiwaje? Mjomba alisimama mbele yao kama mwanafunzi. Hakuna hata mmoja aliyeuliza upana wa tundu la mtutu. Walikuwa wanapima kaliba ile ya mchambuzi wa redio.

Walimpitisha. Muhtasari ukaandikwa, ukapigwa muhuri, ukaenda kata, na sasa uko wilayani.

Mwishoni nilimpa namba yake, kwa sababu aliniomba na sikuona haki kumzungusha. Nikamwambia kama ni lazima abebe, basi 9 mm, kwa kuwa risasi zake ndizo zinazopatikana kwa urahisi zaidi na bastola zake zinatosha mkono wa kawaida. Kama ni kulenga shabaha kwa raha, .22, na asafiri hadi kwenye uwanja halali afundishwe na mtu. Na kama ni ule mkoba chini ya koti, basi hakuna namba. Nikamwomba aache kwenda benki siku ile ile ya wiki, asirudi peke yake, asibebe milioni tano mahali ambapo angeweza kubeba mbili mara mbili, afunge kidirisha kabla ya giza. Aliniambia hayo ameshaanza, tangu siku aliyoona vidole vya mwenzake.

Juzi mke wake alinipigia yeye mwenyewe, jambo ambalo hufanyika mara chache. Alikuwa ameweka sharti kwamba chombo cha kuhifadhia kitangulie, na mjomba akatii. Sefu ililetwa kutoka Mbinga mjini kwa gari la mkaa, wanaume wanne wakaibeba, fundi akaichimbia chini ya sakafu na kuifunga kwa zege. Funguo ziko mbili, mmoja kwa mjomba, mmoja kwake. Ndani yake sasa hivi kuna pesa za wakala, hati ya shamba, vyeti vya watoto na kitambulisho cha babu.

"Bado ina nafasi," akaniambia. "Lakini mimi siioni kama ni nafasi ya bure."